Kwa nini lugha unaielewa yote, ila kuongea kunagoma?

#1 Kibatari (Dar es Salaam)

Wakuu, habari za jioni.

Nina swali limenikaa kichwani muda mrefu. Nasoma Kifaransa. Kazi yangu ni kutoa mizigo bandarini, na wateja wetu wengi ni wa Burundi na Lubumbashi, kwa hiyo sijifunzi kwa kujionyesha. Barua pepe zao nasoma mwenyewe bila kumwita mtu. Redio ya Kifaransa nikiiwasha asubuhi naifuata taarifa nzima. Mteja akipiga simu kulalamika kwamba kontena lake limekwama, kila neno linaingia. Ikifika zamu yangu kujibu, natoa "oui, oui, monsieur", halafu huyo, nahamia Kiswahili.

Naomba wenye uzoefu wanieleze. Masikio yanautangulia mdomo kwa nini? Dhana yangu ni kwamba hapa kwetu shida ni aibu tu. Tumekulia kwenye kuchekwa tukikosea neno, tukazoea kunyamaza. Anayepinga apinge kwa hoja.

Na msidhani nalalamika. Kukaa kwenye foleni, watu wawili wanazungumza lugha yao nyuma yako, mara unagundua unawafuata tangu mwanzo, hiyo raha sijaona ya kulinganisha nayo.

#2 Tandala_wa_Tunduma

Mkuu, swali zuri, ila hiyo aibu siikubali.

Mimi ni dereva wa semi, Dar kwenda Lubumbashi kupitia Zambia. Kibemba sikukisomea popote. Nilianza kukizungumza kabla sijakielewa. Ukishavuka mpaka pale Nakonde hakuna wa kukubembeleza. Tairi likipasuka katikati ya Mpika na Serenje jua linazama, utazungumza tu, utake usitake. Nilikuwa na "mulishani" ya salamu na "shinga" ya kuulizia bei. Hayo mawili nimeyatumia mpaka watu wakaanza kunijaza mengine wenyewe. Mama wa pale Mpika tunapokula alikuwa haniwekei sahani mpaka nitaje chakula kwa Kibemba. Nikikosea ananitajia, nikirudia vizuri anapakua.

Halafu ni Kibantu kile, ukitulia unasikia ukoo: kula ni ukulya, kufa ni ukufwa, mtu ni umuntu.

Kwa hiyo Kibatari, shida yako ni kwamba wateja wako wanajua Kiswahili. Una pa kutorokea. Siku utakayokosa pa kutorokea, mdomo utafunguka.

#3 Ticha_wa_Singida

Nafundisha Kiingereza sekondari, na hili ndilo linalonikosesha usingizi.

Mtoto anatoka darasa la saba akiwa amesoma masomo yote kwa Kiswahili. Kidato cha kwanza baiolojia, jiografia na historia vyote vinageuka Kiingereza. Mwalimu anaongea, watoto wananakili. Nikiwapa zoezi la kubadili sentensi kwenda wakati uliopita, nusu ya darasa wanapata zote. Nikimsimamisha yule yule aliyepata zote aniambie jana alifanya nini, anainama, anashika ukingo wa dawati, anatafuta mwenzake wa kumnong'oneza.

Tandala anasema ni kukosa dharura. Hawa wanangu wana dharura ya miaka minne mpaka mtihani wa mwisho, na bado hawaongei. Kinachowafunga ni kwamba tangu mwanzo walijua lugha kama kitu cha kusahihishwa kwa wino mwekundu. Hawajawahi kuitumia kumwomba mtu chumvi. Mimi mwenyewe shule niliyosoma ukikamatwa unaongea Kiswahili unavishwa kibao shingoni mpaka umkamate mwenzako. Tulichojifunza pale ni kukaa kimya.

Kwa hiyo Kibatari nakuunga mkono kwa nusu. Aibu ipo, ila ilitengenezwa, na mnajua ilitengenezewa wapi.

#4 Nkasi85

Mnazunguka sana. Ni umri. Ukishabalehe mlango umefungwa, Mjerumani mmoja alithibitisha mwaka 1967. Baada ya hapo utaelewa elewa tu, kuongea sahau.

#5 Mnazi_Mkinda

Nkasi, tuweke kumbukumbu sawa. Huyo ni Eric Lenneberg. Alizaliwa Düsseldorf, ni kweli, lakini kazi yake aliifanya Marekani. Na hakuthibitisha, alitoa dhana kwamba ubongo una kipindi maalumu cha kupokea lugha, kutoka utotoni hadi balehe. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya watu wapatao 670,000 waliojibu maswali ya sarufi ya Kiingereza mtandaoni. Waliona uwezo wa kunasa sarufi unabaki juu mpaka kama miaka 17, ndipo unaanza kushuka. Kushuka huko hakumzuii mtu mzima kuongea. Kunamzuia, pengine, kufanana kabisa na mzawa.

Sasa swali la Kibatari lina historia yake. Miaka ya 1980 Stephen Krashen, mwanaisimu wa Marekani, alisisitiza kwamba lugha inaingia kwa kusikia na kusoma mambo unayoyaelewa, na kuongea kutakuja kwenyewe. Kanada wakawa na mfano wa kumpima. Tangu 1965 huko St. Lambert, karibu na Montréal, watoto wa wasemaji wa Kiingereza walianza kusomeshwa kwa Kifaransa. Merrill Swain, mtafiti wa huko Kanada, alipoandika kuhusu watoto wa mpango wa namna hiyo mwaka 1985, alisema walikuwa wanaelewa karibu sawa na wenyeji. Walipoongea na kuandika, sarufi ilikuwa bado inawasumbua. Hoja yake ni kwamba kusikia peke yake hakutoshi, lazima mtu asukumwe atoe maneno, kwa sababu ni wakati wa kutoa ndipo anagundua pengo lilipo.

Na kumbukumbu nayo ina namna mbili. Kumtambua mtu ukikutana naye sokoni ni rahisi, kulitaja jina lake papo hapo ni kazi nyingine. Kibatari anatambua maneno ya Kifaransa yakija. Hajazoea kuyaita.

#6 Mama_Yusra (Maskati)

Asalaam alaykum. Mimi nimekuja Omani kwa kazi za ndani, naomba nichangie.

Nyumba niliyofikia, mama yake bwana alizaliwa Unguja, Kiswahili chake kitamu kuliko changu. Basi kwake sikuambulia Kiarabu hata kidogo, kila kitu Kiswahili. Tandala hapo nakubaliana naye.

Kiarabu nimefundishwa na watoto. Mdogo wao ndiyo kwanza alikuwa anaunganisha maneno. Mtoto wa umri ule hachoki: anataka maji, hataki maji, kiatu kiko wapi, kiatu hiki sikitaki. Sentensi moja ataisema asubuhi mpaka jioni. Nikiikosea hakai kucheka, ananishika uso kwa mikono yake miwili, analirudia neno polepole mpaka nilitoe. Nimekuwa nikienda dukani peke yangu na kubishana bei kabla wale wakubwa wa nyumba hawajajua kama najua kitu.

Lakini Kibatari, mimi kwangu ni kinyume chako. Naongea kuliko ninavyoelewa. Taarifa ya habari kwenye televisheni siambulii, maana pale wanatumia fus-ha, Kiarabu sanifu, na mimi nilichonacho ni cha jikoni na cha watoto. Nikipeleka barua ya ofisi lazima nimwombe mtu anisomee. Kwa hiyo hii habari ya kwamba masikio yanautangulia mdomo si ya kila mtu.

#7 Kariakoo_Jumla

Mama Yusra umenipa nguvu ya kuandika. Mimi pia kinyume.

Nafuata mzigo Guangzhou. Maneno ya biashara nimeyakariri na nayatamka: bei gani, ghali sana, punguza, lini utapakia. Nikishayasema, mwenye duka anakunja uso. Anachukua kikokotoo, anaandika namba, ananigeuzia. Nafuta, naandika yangu, namrudishia. Tukimaliza tumeshapatana na hakuna aliyeelewa neno la mwenzake.

Nikaenda kujiandikisha kozi hapa hapa Dar ndipo nikaambiwa ugonjwa uko wapi. Kununua ni mǎi, kuuza ni mài. Neno lile lile, tofauti ni sauti: la kwanza linazama halafu linapanda, la pili linaporomoka. Miaka yote hiyo huenda nilikuwa nawaambia wenye maduka nimekuja kuuza. Na si mdomo ulioshindwa. Mwalimu aliyatamka yote mawili mara kwa mara, mimi nasikia neno moja. Sikio langu halikuwa na mahali pa kuiweka ile tofauti.

Ilipofunguka, nilikuwa nasikiliza zoezi kwenye simu ndani ya daladala, nikashtuka natofautisha. Nilishuka kituo si changu. Tangu siku ile nimekuwa nikisikiliza Kichina hata nisipokuwa na mzigo, basi tu kwa utamu wake.

Kwa hiyo mimi nasema mdomo unalifuata sikio. Kibatari, chunguza vizuri, huenda unaelewa kwa kukisia mada, kwa sababu simu zako zote ni za kontena.

#8 Ngwana_Mwanza

Kariakoo pole, nyie mliokulia Kiswahili kitupu ndiyo mnateseka na hizo sauti. Sisi Wasukuma tunazo kwenye lugha yetu. Lugha zote za Kibantu zina toni, isipokuwa Kiswahili kilizipoteza. Darasani kwetu waliokuwa wananasa Kichina mapema ni wale wenye lugha ya nyumbani.

#9 Babu_Tukuyu

Mwanangu wa Mwanza, usiseme zote. Kinyakyusa hakina toni, na ni Kibantu kilichotimia. Sisi tutajifunza Kichina kwa jasho kama huyo wa Kariakoo.

#10 Mnazi_Mkinda

Shikamoo Babu, uko sahihi, na Kitumbuka huko Malawi na Zambia kinatajwa kundi hilo hilo. Ngwana naye ana hoja, maana lugha nyingi za Kibantu zinazo. Ila msizichanganye. Kichina sanifu kina toni nne na karibu kila silabi inabeba umbo lake: kukaa juu bila kuyumba, kupanda, kuzama au kuporomoka. Toni za Kibantu kwa kawaida ni juu na chini, na zinaweza kuhamia silabi nyingine kufuatana na sarufi. Kuzoea moja kunaweza kukusaidia kutega sikio, lakini bado utakaa chini usome.

#11 Kaloleni254

Wadau, mko salama? Niko Kilifi, nasomea Kijerumani, nataka kwenda kufanya mafunzo ya uuguzi. Tangu Kenya na Ujerumani watie sahihi makubaliano ya ajira mwaka 2024, darasa letu limefurika.

Nimesoma uzi wote na naona hakuna aliyegusa jambo ambalo mimi hupambana nalo kila siku. Msikilizaji anaruhusiwa kuruka. Msemaji haruhusiwi.

Chukua "mit dem Bus". Nikisikia hivyo, nikidaka tu "Bus" nimeelewa mtu amekuja na basi. Hilo "dem" hata likipita bila kulisikia, sina hasara. Sasa nataka kusema mimi. Lazima nijue basi kwa Kijerumani ni la kiume, yaani "der". Halafu nikumbuke kwamba baada ya "mit" hiyo "der" hugeuka "dem". Hayo yote kabla neno lenyewe halijatoka. Na bado kuna sentensi ambazo kitenzi hukaa mwisho kabisa, kwa hivyo ni lazima ujue unaishia wapi kabla hujaanza. Mwenzangu darasani huanza sentensi vizuri, akifika katikati husimama, na sote tunamwona akikitafuta kitenzi.

Tuwaonee huruma wageni pia. Mgeni akisikia "vikombe vyangu viwili vimevunjika" ataelewa vikombe vimevunjika, yamekwisha. Akitaka kusema mwenyewe, hiyo vi- itamngoja kila mahali.

Kwa hivyo Kibatari, si aibu wala si dharura. Kuelewa ni kazi ndogo kuliko kusema.

Na siku nilipotoa sentensi ndefu, kitenzi kikatua mwisho pahali pake bila kukifikiria, sikulala kwa furaha. Niliirudia mpaka dada yangu akanifukuza chumbani.

#12 Mutu_wa_Bukavu

Jambo yenu bote. Kaloleni, kwetu tunasema "bikombe yangu mbili imevunjika", na kila mutu anasikia!

Mimi niko Dar kwa biashara. Kiswahili ni lugha ya mama yangu, nimezaliwa ndani yake. Nilipofika Kariakoo mara ya kwanza nikasema neno moja, watu wakacheka, wakaita wengine waje wasikie. Hawakuwa na ubaya, najua. Lakini mimi nilianza kunyamaza ndani ya lugha yangu mwenyewe. Nasikia yote, nazungumza kidogo. Kwa hiyo mimi nasimama na Kibatari. Mlisema vikombe, mlisema miaka 17, mlisema tairi. Mimi sarufi ya nyumbani niko nayo, sikio niko nalo, dharura niko nayo, nimekuja kutafuta pesa. Kilichobaki ni kucheka kwa watu.

Na nyinyi Watanzania mukiongea Kifaransa sisi hatuchekaki. Kifaransa si ya mutu hata mumoja kwetu, ni ya masomo. Kila mutu aliivunja vunja mbele haijakaa sawa.

#13 Nkasi85

Bukavu karibu sana, ila hiyo "bikombe" nitaiazima. Ukisikia Sumbawanga wanaisema ujue imetokea hapa.

Kwa anayetaka kujua ugumu wa lugha, Wamarekani wana orodha ya kuwafundisha wanadiplomasia wao. Kifaransa wiki 30, Kiswahili wiki 36, Kiarabu na Kichina wiki 88. Kwa hiyo Kariakoo na Mama Yusra ndio wenye kazi, Kibatari anadeka.

#14 Ticha_wa_Singida

Nkasi, orodha hiyo ni ya mtu ambaye lugha yake ya kwanza ni Kiingereza, na anayesoma kutwa nzima kama kazi ya mshahara. Ukimpa Tandala na mwanadiplomasia huyo Kibemba washindane, utaona nani atafika Serenje kwanza. Kwa mwanafunzi wa Kiswahili orodha hiyo inabidi iandikwe upya yote.

#15 Bint_Mkunazini (Unguja)

Nami nipokeeni. Mmetaja masikio na midomo, basi niwape mfano wa mdomo uliotangulia bila ya kuelewa kabisa.

Sie tumeingia chuoni, chuo cha Kurani, wadogo. Nimesoma juzuu amma hata sijaota meno ya ukubwani. Ayni natoa, qafu natoa, kila herufi na mahali pake pa kutokea, maana maalimu alikuwa hakupishi mpaka itoke sawasawa. Nimesoma kwa miaka, kwa sauti, kwa hukumu zake za tajwidi. Angeniuliza mtu aya ile inasema nini, ningemtazama tu.

Nilipokuja kujifunza Kiarabu kwa maana, ukubwani, mwalimu alidhani mimi ni wa darasa la juu kwa namna ninavyotamka. Kumbe mdomo wangu ulikuwa tayari na sina la kusema. Ila nikwambieni, ikawa kila nikijifunza neno jipya nalikuta nalijua zamani. Nalisoma kila siku, sasa ndiyo nalielewa. Nilikuwa nikisimama katikati ya sala machozi yananitoka kwa kuelewa neno moja.

Kwa hivyo mie naona kuelewa na kutamka ni elimu mbili mbalimbali. Unaweza kupewa moja bila ya nyingine, na anayekupa ni mwalimu wako wa kwanza.

#16 Mlezi_LAT

Naomba niwaletee lugha isiyo na mdomo. Mwanangu ni kiziwi, kwa hiyo nimejifunza Lugha ya Alama ya Tanzania nikiwa mtu mzima.

Kwangu na kwa wazazi wenzangu wengi, kuonyesha alama kulikuja mapema. Tatizo kubwa limekuwa kusoma mikono ya wenyewe. Nikimwambia mwanangu jambo, naonyesha kwa mwendo wangu, ananielewa. Akianza kunisimulia ya shuleni, mikono inakimbia, uso nao unabeba sehemu ya sarufi, mimi bado niko kwenye alama ya pili. Akitaja jina la mtu herufi kwa herufi kwa vidole, ndiyo napotea kabisa. Inabidi arudie.

Sasa hoja ya Kaloleni kwamba kuelewa siku zote ni kazi ndogo haiingii hapa. Nadhani ni mwendo. Unapozungumza wewe, mwendo ni wako. Unapoelewa, mwendo ni wa mwenzako. Kibatari amezoea mwendo wa redio ya asubuhi, ndiyo maana anadhani kaelewa lugha nzima.

#17 Mrombo_wa_Mbagala

Wote mnaongelea lugha za ugenini. Mimi lugha ninayoielewa bila kuongea ni ya wazazi wangu.

Baba na mama ni Warombo, mimi nimezaliwa na kukulia Dar. Kichaga cha nyumbani naelewa mpaka mafumbo. Bibi anapokuja kutoka Rombo tunakaa jikoni, ananisimulia kwa Kichaga, mimi najibu kwa Kiswahili, mazungumzo yanakwenda hata saa nzima. Hakuna anayenicheka. Hakuna mtihani. Sauti zake nimezisikia tangu tumboni, kwa hiyo msiniambie sikio. Umri ndiyo kabisa.

Maelezo yangu ni kwamba hakuna aliyewahi kuningojea nijibu kwa Kichaga. Tangu nikiwa mdogo Kiswahili changu kilipokelewa, nikakaa na zamu yangu ya kusikiliza. Baadaye nikijaribu kusema, bibi mwenyewe anajibu kwa Kiswahili, kwa huruma, na lugha inarudi ilikotoka.

Naandika hili kwa uchungu. Bibi kazeeka, na nataka nimjibu kwa lugha yake angali anasikia.

#18 Kibatari

Ahsanteni wote, sikutegemea uzi ufike huku.

Kariakoo, nimejipima kama ulivyosema. Nimesikiliza mahojiano ya mkulima wa kahawa, mada nisiyoijua. Nimeambulia mengi, si yote. Umenipunguza kidogo, ila bado pengo la kuelewa na kusema ni kubwa mno kuwa la kukisia tu.

Kaloleni, hoja ya kuruka imenikaa. Kifaransa nacho kina ukike na uume, na ni kweli nikisikia naurukia. Lakini nikiwa peke yangu kwenye gari natunga sentensi nzuri kwa sauti, na vitu hivyo vyote vinakaa mahali pake. Akitokea mtu tu, zinapotea. Kama tatizo lingekuwa sarufi, lingekuwepo hata kwenye gari. Ndiyo maana bado nashikilia aibu.

Mrombo, mwambie bibi asikuhurumie. Mwombe waziwazi asijibu Kiswahili.

#19 Mutu_wa_Bukavu

Kibatari, niko Dar mpaka mwisho wa mwezi. Masomo yote nilifanya kwa Kifaransa. Tuonane, tuongee, sitacheka. Wewe unanisahihisha Kiswahili ya hapa, mimi nakuongoza Kifaransa.

#20 Kibatari

Nimekubali. Nakutumia ujumbe pembeni.

#21 Ticha_wa_Singida

Mkishaanza mtupe taarifa hapa. Nitaiga kwa wanafunzi wangu, nitawapanga wawili wawili bila daftari, bila wino. Kama kuna aliyewahi kujaribu hivyo na darasa la watoto zaidi ya sabini, naomba anieleze aliwezaje kelele.

#22 Tandala_wa_Tunduma

Mpango mzuri, lakini naona tatizo. Bukavu anajua Kiswahili. Mtakaa, mtakwama, mtahamia. Mtafute Mkongo asiyejua Kiswahili hata kidogo, mwenye mzigo wake bandarini, umhudumie mwenyewe. Mimi narudi pale pale: pasipo na pa kutorokea, mtu anaongea.

#23 Mama_Yusra (Maskati)

Tandala, wapo wenzangu hapa nyumba zisizo na Kiswahili hata chembe, pa kutorokea hawana, na wamekaa kimya miaka. Wanafanya kazi kwa ishara. Mtu akikuzungumzia kwa amri tu hupati lugha. Mimi nilipata watoto wa kuzungumza nao.

#24 Mlezi_LAT

Tandala, na yangu ya #16 pia hujaijibu. Mimi kwa mwanangu sina lugha nyingine ya kutorokea, dharura ninayo kila siku, na kilichochelewa ni kuelewa. Unalielezaje hilo?